Mama wa Kukodi

Watu wakisikia kazi ya wifi yangu humwonea kijicho. Analipwa kuendesha baiskeli kando ya mto, kuonyesha wageni ngome na mizinga ya kale, na kupigwa picha. Wanasema ameula. Nami kila nikisikia neno hilo natamani kumrushia mtu spana, na spana ninazo, maana fundi wa baiskeli hizo ni mimi.

Tunamwita Kengele. Kaka yangu alipomwoa, alikuja na baiskeli yenye kengele ya kuudhi mtaa mzima, na hakuna kuku wala mzee aliyekatiza mbele yake bila kupigiwa. Alitokea ng'ambo. Siku hizo ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa daraja, basi, si nchi ya watu. Wauza mboga walivuka asubuhi na mabeseni kichwani na kurudi jioni, na askari wa huku na wa kule walikuwa wakiombana kiberiti. Mama yake alikuja kwetu kunywa chai atakapo. Alilalamika kwamba sukari yetu haina utamu, huku akijiongezea kijiko kingine.

Halafu wakubwa wakagombana. Waligombania nini mpaka leo sijaelewa, na sidhani kama wao wenyewe wanaelewa. Daraja likafungwa, simu za ng'ambo zikakatwa, na sisi wa mtoni tukaambiwa tuwe na subira. Tukawa nayo mpaka ikatuishia. Na siku walipolifungua daraja, waliwafungulia watalii.

Mtu aliyetoka huko mwisho wa dunia, mradi ana tiketi na kofia ngumu kichwani, anavuka na baiskeli, anakunywa soda ng'ambo, anarudi. Mkazi wa mtoni haruhusiwi kukanyaga hata ubao wa kwanza. Sababu za kiusalama, walisema. Usalama wa nani? Mama wa watu mwenye magoti mabovu atavamia nini?

Kengele hakukaa akalia. Alikwenda kuomba kazi ya kuongoza wageni, kwa sababu waongozaji waliruhusiwa kufika katikati ya daraja, kwenye mstari mweupe, ambapo humkabidhi kundi mwenzao wa ng'ambo. Alikariri habari zote za ngome, nani aliijenga na nani aliibomoa, akizisema kwa sauti huku anaosha vyombo mpaka watoto wake wakazijua pia. Na mama yake, huko kwake, akaomba kibarua cha kufagia nusu ya daraja iliyo yao. Kwa magoti yale! Wakawa wanakutana mstarini. Wageni wakijipiga picha, mguu mmoja nchi hii na mwingine nchi ile, wao wawili hushikana mikono na kusemezana haraka haraka: nani kaolewa, nani anaumwa, mbona umekonda, unakula kweli wewe?

Kisha meneja wa kampuni akawaona. Angewafukuza ningemwelewa, ningemtukana na kumwelewa. Yeye akawaweka kwenye bango. Bango kubwa pale getini: SHUHUDIA MAMA NA BINTI WAKIKUTANA MPAKANI. Wakapangiwa na saa. Mgeni anaendesha baiskeli kando ya mto, anaiacha chini ya kilima, anapanda kwa miguu hadi mnara wa walinzi wa zamani, anashuka kutazama mizinga, na baada ya mizinga anatazama mama na binti. Meneja alithubutu kumwambia wifi yangu, "Mkikumbatiana, geukeni kidogo upande wa jua. Picha zinatoka vizuri."

"Si uache tu kazi yao?" nilimuuliza siku hiyo, nikiwa nabandika kiraka.

"Nikiacha, mama nitamwona wapi, wifi?"

Niliujaza upepo mpira ule kwa hasira mpaka nusura upasuke.

Msimu wa wageni ulipokuwa umepamba moto, mama akaacha kuja. Meneja, ambaye peke yake katika kampuni ana ruhusa ya kuvuka, alisema ni mafua. Siku zikapita, ikawa bado mafua. Kengele alinunua dawa ya kifua na shali nzito ya rangi ya zambarau, akavipeleka ofisini. "Usijali, nitamfikishia," meneja akasema, na akavipokea kwa mikono miwili. Alivipokea! Mpaka leo nikifikiria mikono ile, natafuta spana.

Asubuhi moja meneja akaja karakanani kwangu anatabasamu. "Mwambie wifi yako, mama leo yupo."

Kengele alivaa kizibao chake cha njano, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu, akajipaka mafuta usoni mara ya pili. Kundi lilikuwa kubwa. Akawapa maelekezo kama kila siku: kizibao cha njano kikienda, nanyi mnaenda, mtu asibaki nyuma, asitangulie. Mimi, kwa ruhusa ileile ya kufika mstarini, hufuata mwisho kabisa na pampu na viraka, maana hakuna safari isiyo na pancha. Siku hiyo hata ngome aliisimulia mbio mbio, na kilima alikipanda kama anafukuzwa.

Tulipofika katikati ya daraja, ng'ambo ya mstari alisimama bibi mmoja mwenye ufagio. Alikuwa amejitanda shali ya zambarau. Hakuwa mama.

Kengele alifunga breki. Meneja alikuwa ameegemea kingo za daraja, akamsogelea na kumnong'oneza, lakini mimi nilikuwa nimeshafika nyuma yao nikasikia yote. "Mkumbatie. Watu wamelipia, na hawajui tofauti. Mama akipona atarudi mahali pake."

Wifi yangu alinitazama. Nilijua anachowaza. Akikataa, atavuliwa kizibao palepale, na mama akipona atakuja kufagia peke yake, asimkute mtu. Alishuka kwenye baiskeli, akaenda mstarini, akamkumbatia mtu asiyemjua. Wageni wakainua kamera.

"Nisamehe, mwanangu," yule bibi alimwambia sikioni, nami niliyekuwa karibu nikasikia. "Mama yako tulishamzika. Mimi ni jirani yake. Tulimtuma askari awaletee habari, akampa bosi wenu. Bosi akasema usiambiwe mpaka wageni wapungue."

Sauti aliyoitoa Kengele sitaki kuisikia tena maishani. Wageni wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanafuta machozi kabisa. Na meneja akatuinulia kidole gumba: "Safi! Safi sana!"

Mimi ningempasua kichwa. Nasema kweli, na spana nilikuwa nayo mkononi. Lakini Kengele hakumtazama hata mara moja. Alimuuliza yule bibi, "Wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwisho wa njia ya baiskeli."

Akapanda baiskeli yake, akavuka mstari.

Na wageni wakamfuata. Si ndivyo walivyoambiwa? Kizibao cha njano kimekwenda, nao wakaenda, mmoja mmoja, kofia zao zinang'aa, wakidhani ndio ratiba. Mwongozaji wa ng'ambo akadhani hivyohivyo, akapisha. Askari wa ng'ambo aliinua mkono kumzuia Kengele, akaona msururu wa watalii unamjia na tiketi shingoni, akaushusha. Meneja alianza kukimbia na viatu vyake vya ofisini. "Rudini! Huko siyo!" Akanishika usukani.

"Nipishe, bosi," nikamwambia. "Fundi hukaa nyuma, na nyuma yenyewe inaniacha." Nikamwacha pale anahema.

Ng'ambo sikuwa nimeiona tangu lifungwe daraja. Nyumba zilezile, vumbi lilelile, watu wakitutazama midomo wazi. Nyuma ya kiwanda cha matofali palikuwa na makaburi, na moja lilikuwa na udongo ambao haujakauka vizuri. Kengele aliitupa baiskeli chini, akapiga magoti, akaanza kuupapasa udongo ule, anausawazisha pembeni kama anayetandika kitanda cha mtu. Alikuwa anaongea na mama yake. Alimwuliza kwa nini hakusubiri.

Wageni waliegemeza baiskeli ukutani, wakasogea. Kamera bado ziko shingoni. Mzee mmoja wa miwani, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, aliniuliza kwa adabu, "Kaburi hili la zamani sana?"

"La juzi," nikasema. "Ni la mama yake."

Aligeuka kuangalia darajani. "Na yule mama wa pale?"

"Yule wa kukodi. Kama baiskeli yako."

Kisha akavua kofia, akawaambia wenzake kwa lugha yao, nao wakavua. Mama mmoja alikaa chini nyasini, akaficha uso. Sikuwaonea huruma. Wala sikuwafukuza, maana kaburi la mtu lisilo na waombolezaji ni aibu, na siku alipozikwa sisi hatukuwepo.

Redio ya kazi iliyokuwa kiunoni mwa Kengele ikaanza kukoroma. Ilikuwa sauti ya meneja. "Kengele! Kengele, wageni wangu wako wapi? Nijibu!"

Hakuinua kichwa. Niliinama, nikaichomoa redio taratibu kwenye mkanda wake, nikabonyeza kitufe.

"Wako msibani, bosi," nikasema. "Wanauliza mbona wewe hujafika."