Ndoo Saba za Klorini

Siku yangu ya kwanza kazini Kongwa, Afisa Afya wa Wilaya aliitikia shikamoo yangu, akanikabidhi ufunguo wa stoo ya dharura. Ndani mlikuwa na hema, vitanda na ndoo saba za klorini ya unga, ile inayochanganywa na maji kuua vimelea vya kipindupindu. "Hapa hatuweki mapambo," alisema. "Siku ikifika, kila kitu kifanye kazi yake."

Nilikuwa na bidii ya kuudhi. Kila Jumatatu nilifungua ndoo zote saba, nikanusa, nikafunga, nikatia vema kwenye fomu. Harufu ilichoma pua, nami nikaridhika. Wenzangu waliniita Bwana Ndoo.

Kipindupindu kilipoingia Mlali, tulisimamisha hema siku hiyohiyo. Muuguzi mkuu aliniuliza kama nimeshaipima klorini. Kupima ni kazi ya dakika moja: unatia kidonge kwenye kichupa cha maji yaliyochanganywa, yakigeuka pinki, klorini imo.

"Sista, hiyo nimeitunza kwa mikono yangu," nilimjibu, tukaendelea.

Mama Chiku, mpishi mashuhuri wa harusi na misiba pale Mlali, alijitolea kuwapikia wagonjwa uji. Alinawa kwa maji yangu, akaosha vyombo kwa maji yangu. Siku ya tatu akalazwa, akatundikiwa dripu. Hapo ndipo muuguzi alipochukua kichupa akapima mwenyewe. Maji hayakubadilika rangi hata kidogo.

"Ndoo hizi umezifungua mara ngapi?"

"Kila wiki, Sista."

"Basi umeimaliza kwa kuikagua. Klorini ikipigwa na hewa na joto, nguvu inapotea. Harufu inabaki kukudanganya."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tuliletewa klorini mpya kutoka Dodoma mjini, na Mama Chiku akapona. Afisa Afya alinitaka niandike taarifa kwa mkono wangu, kisha akaifungia kabatini. Nami nikanyamaza.

Nilihamishiwa Kibakwe. Huko niliacha ndoo zimefungwa, na kila mchanganyiko nikaupima kabla haujamgusa mtu. Niliwafundisha vijana wapya kazini kwamba chanjo iliyopata joto bado ina kichupa kizuri, na unga wa lishe uliokaa mno bado ni unga, ila kazi yake haipo tena. Waliniona msumbufu. Sikujali.

Sasa nimestaafu, na asubuhi hazina tena ofisi ya kukimbilia. Mwezi uliopita nilikwenda Mlali, nikamkuta Mama Chiku barazani kwake akichambua karanga. Nikamweleza yote, maana hakuna aliyewahi kumweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Bwana afya," alisema, "watu walisema mpishi anayeugua kipindupindu ni mchafu. Tangu hapo sijaitwa kupika, si harusini, si msibani. Hata mimi nikaamini."

Machozi yalinitoka. Klorini mbovu ilimlaza siku chache tu, lakini ukimya wangu ulimnyang'anya kazi aliyoipenda. Nilimwomba msamaha.

Aliweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri.

"Msamaha baadaye," alisema. "Pale kwa jirani kuna msiba, watu wamejaa. Twende ukawaambie."