Mnyama Aliyetupita Mgongoni

Ipo alasiri moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo nywele zinanisimama. Usinicheke. Ngoja kwanza nikuelezee tulivyokuwa tukiishi.

Ilikuwa miaka ya tisini, tuko Wadi Kabir, huku huku Uarabuni, safu ya mwisho ya nyumba, pale gereji zinapokwisha na jabali linapoanza. Karibu sote tulitoka Unguja na Pemba, na kila nyumba ina mbuzi wake kidogo. Mie skuli sikufika mbali, lakini gari naijua, basi nikapata udereva katika ofisi moja ya mambo ya wanyama wa porini. Jirani yangu Saidi akinitania, ati nalipwa kuchunga paka.

Mbuzi wakaanza kufa. Unamkuta asubuhi kalala kama aliyesinzia, tundu mbili kooni, na mbwa wa gereji hawakubweka. Kilichotutisha zaidi ni nyayo. Pana, laini, hazina alama ya kucha, zinashuka jabalini mpaka ukutani kwa Bi Zuwena, kizee wa Kipemba aliyeishi peke yake. Zikifika pale, basi, huzioni tena.

Sasa wewe umezaliwa huku, hujui. Kwetu mtu akiona nyayo za chui haulizi katoka wapi, anauliza ni wa nani. Tukiamini chui hufugwa, na anayemfuga humtuma. Basi ikawa Bi Zuwena akipita, watoto wanavutwa ndani. Akitoa salamu, kimya. Saidi, ambaye mbuzi wake ndio walioliwa zaidi, akaapa: ama kizee ahame, ama atatia nyama sumu aitupe mlangoni kwake.

Nikamweleza mkubwa wangu kazini. Akanipa sanduku la kijani, ndani mna kamera, kikipita kitu chenye joto inapiga picha yenyewe. Nikalifunga kwenye mti wa mgunga, likaelekea njia ya mazizini na mlango wa Bi Zuwena. Filamu ilipojaa nikaipeleka studio kusafishwa.

Ile alasiri tukakaa barazani kwa Ami Nasoro, mkubwa wetu pale mtaani, birika la kahawa katikati. Saidi akanipokonya picha. Ya juu, Bi Zuwena kainama mlangoni na bakuli. Ya pili, pale pale, mnyama anakunywa kwenye bakuli lile. Rangi ya udongo, masikio marefu yana vishungi vyeusi vimesimama kama pembe, macho yanawaka meupe.

"Mmeona?" Saidi akapiga kelele. "Anamnywesha! Na pembe anazo!"

Mie kahawa ilinimwagikia.

Ami Nasoro akanyoosha mkono. "Lete zote, Saidi. Usinichagulie." Akazipanga mkekani moja moja. "Huyu nani?"

"Mimi, Ami. Natoka zizini."

"Na hii inayofuata?"

Ilikuwa njia ile ile. Saidi keshapita, na mnyama yuko juu ya nyayo zake, kainamisha kichwa kama anayemsindikiza. Kisha muadhini wetu, na nyuma yake mnyama. Kisha mimi, nimebeba ndoo ya taka. Nilikumbuka siku ile nikiimba. Sikusikia kitu, mwanangu. Wala jiwe kuteleza.

"Basi Saidi nawe unafuga," Ami akasema. "Na dereva wetu anafuga, na muadhini. Mtaa mzima wachawi, nimesalia mie kwa sababu magoti hayanifikishi njia ile."

Tulitaka kucheka, kicheko kikagoma.

"Bibi wa watu anawawekea njiwa maji," akaendelea, pole pole. "Mnyama ana kiu, akanywa. Mbuzi wenu mnawalaza zizi halina paa, akala. Nyinyi mmemkimbia mwenzenu, mpaka wa kumkaribia akabaki mnyama. Na hiyo sumu, Saidi, angeiokota mtoto wa nani?"

Saidi akatoka, akabisha kwa Bi Zuwena. Tukamsikia bibi kutoka ndani: "Eh, Saidi! Leo umepotea njia?" Akamfungulia.

Mkubwa wangu alipoziona picha akasema ni simbamangu, paka mkubwa wa porini, Waarabu humwita washaq. Si jini wala si chui. Tukaezeka mazizi kwa waya, mbuzi wakaingizwa kabla ya magharibi. Hawakufa tena. Lakini yeye akaendelea kupita. Filamu kila ikisafishwa tunamkuta, na mbele yake mmoja wetu, hana habari.

Basi shika haya. Siku hizi kila mtu ana kamera mkononi, na picha moja inatosha kumvunjia mtu nyumba. Ukiletewa moja, omba zilizobaki. Na mnyama akikulia mali yako, tazama kwanza mlango uliouacha wazi, sumu iache dukani, kwani naye kaumbwa ana njaa kama wewe.

Mwenyezi Mungu akukinge na kila kinachokuona nawe hukioni, na akujaalie uzee wako uwe kati ya watu wasiokuogopa. Amin.