Pasi ya Chini Kabisa

Mume wangu wanamwita Bwana Foleni, na jina hilo hakupewa bure. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya dirisha la viza kwenye ubalozi wa nchi jirani, akipokea pasi za watu, akizipanga kwa zamu na kuzipeleka chumba cha ndani kwa ofisa wao mwenye muhuri. Ukifika wa sita, wewe ni wa sita, hata kama waziri ni mjomba wako. Na pasi ya mtu wake mwenyewe aliiweka chini kabisa ya rundo, mtu asije akasema Foleni anapendelea. Nami, mjinga mkubwa, nilikuwa nikijivunia jambo hilo sokoni.

Basi serikali yetu ikakorofishana na hao jirani. Sijui silaha, sijui majasusi, mimi si wa kuulizwa. Redioni wakaja wataalamu na sauti zao nzito: tuwatenge. Tufunge ubalozi wao, tuwafukuze mabalozi wao, na marafiki zetu wafanye vivyo hivyo, mpaka wabaki peke yao na wanyooke. "Hii ni njia ya usalama isiyomwaga damu," akasema mmoja. Hee! Yeye ana mtoto huko?

Mimi ninaye. Kitindamimba wetu ameolewa huko, na moyo wake ni mgonjwa tangu utotoni. Daktari alikuwa amempangia upasuaji Jumanne ya wiki iliyofuata. Mkwe wangu alinipigia: "Mama, anaogopa. Anasema akuone kwanza." Jumatano asubuhi, kabla hata ya chai, nikampa mume wangu pasi yangu.

"Safari hii usiniweke chini, tafadhali," nikamwambia.

"Haraka haraka haina baraka, mama watoto. Muda upo."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimeshasema."

Akacheka, akaitia mfukoni.

Alhamisi amri ikatoka: ubalozi ufungwe kesho saa kumi na mbili jioni. Mwenye viza avuke kabla ya Jumapili, baada ya hapo mpaka unafungwa. Watu wakamiminika. Kila pasi mpya iliyoingia ilipita mbele ya yangu.

Ijumaa nilikwenda na mkoba wangu begani. Kupitia kioo nililiona rundo likipungua, na chini yake lile jalada la pasi yangu lililochanika pembeni, nililolibandika gundi mwenyewe. Nikagonga dirisha. "Baba watoto, itoe hiyo!" Akanitazama, kisha akawatazama watu nyuma yangu, wengine wanalia.

"Wamebaki wanane tu. Utafika," akasema.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, ofisa mwenyewe akatoka na muhuri mkononi. Mgeni yule, adui tuliyeambiwa tumtenge, akamuuliza mume wangu, "Mzee, ya mtu wako imo humu? Nipe hiyo kwanza."

Nilimsikia kwa masikio yangu akijibu, "Afuate zamu, mkuu."

Saa kumi na mbili kamili polisi wakaingia, wakachukua muhuri, wakafunga mlango kwa mnyororo. Zilibaki pasi mbili, ya mwalimu mmoja na yangu. Alimrudishia mwalimu kwanza.

Nyumbani nilimwambia kila neno baya ninalolijua, na mengine nikayabuni. Alikaa kitini na viatu vyake miguuni, hakujitetea. Ningemwelewa kama angejitetea.

Jumatatu binti yetu akapiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama, baba alikuweka chini, siyo?"

Nikamgeukia baba yake.

"Nilijua. Hebu nipe baba."

Nikaweka sauti kubwa, nisikie. Mume wangu akasema, "Niwie radhi, mwanangu. Niwie radhi."

"Baba, wale waliotangulia walivuka?"

"Walivuka wote."

"Haya, afadhali. Kesho tupo watano wa kupasuliwa. Nimemwomba daktari aniweke wa mwisho, labda mama atapata njia."

Njia ipi! Nilizunguka ofisi tatu siku ile na nyingine tatu kesho yake. Kila mlango waliniambia ni suala la usalama wa taifa. Mwanamke mmoja nyuma ya meza aliniambia nivumilie, hao jirani wataumia zaidi yetu.

Jumanne jioni simu ililia mkononi mwangu, namba ya mkwe. Mume wangu, ambaye kwa maisha yake yote husema "tangulia wewe", alinipokonya. Akasikiliza. Kisha akanirudishia ile simu, akaketi sakafuni. Mkwe alikuwa bado analia. Katikati ya kilio nikasikia kwamba daktari alichelewa na wale wanne, na moyo wa mwanangu haukungoja zamu.

Walimzika Jumatano. Sisi mpaka leo kaburi lake hatujaliona.