Nyongeza ya Flavia yamnyima Mektrida maji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Flavia Tesha amepiga magoti kando ya bwawa dogo la mfongo, juu ya Kilema. Ameweka kompyuta yake ya mkononi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa kidole kimoja anafuta neno moja kwenye programu; kwa mkono mwingine anazuia kanga isipeperuke.

"Neno moja tu," anasema taratibu, bila kuinua macho. "Neno moja limemnyima bibi maji wiki mbili."

Bibi mwenyewe amesimama nyuma yake na jembe begani. Mektrida Mlay, mwenye umri wa miaka 71, ndiye wa mwisho kwenye mfongo huu, ule mfereji wa asili unaoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Desemba alipanda miche 120 ya kahawa. Sasa ni Februari, na majani yameanza kujikunja.

"Shikamoo, Bibi. Sikukuona."

"Marahaba. Endelea na mashine yako. Mimi nimekuja kuhakikisha kwamba leo na yenyewe imeniona."

Flavia, 34, ni fundi wa redio na simu mjini Moshi. Hakusomea kompyuta popote. Aliishia kidato cha nne, na kompyuta yake ya kwanza aliipata ikiwa mbovu, kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa. Ilimchukua miezi mitano kuifufua na miaka sita kujifunza lugha ya C ya kuandikia programu, kwa kitabu kisicho na jalada na kamusi ya Kiingereza pembeni.

"Kila ukurasa niliusoma mara tatu," anasema. "Mara ya kwanza kwa maneno, ya pili kwa maana, ya tatu kwa hasira."

Mwaka jana kamati ya mfongo ilimwomba atengeneze kisanduku cha kugawa zamu, baada ya ugomvi juu ya saa za maji kuwachosha watu. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Jioni kila nyumba inayotaka maji hutuma ujumbe wa simu. Saa kumi na mbili asubuhi kisanduku hufungua lango la bwawa kwa mota ya waipa ya gari bovu, hugawa dakika 780 za mchana kwa idadi ya nyumba, kisha huipigia kila nyumba simu zamu yake ikianza na ikiisha. Wa mwisho hupata dakika zilizobaki; zamu yake ikiisha, saa moja jioni, lango hujifunga.

Nyumba zikiwa 36, kama wiki hizi mbili, kila moja hupata dakika 21 na theluthi mbili. Kisanduku kinataka dakika kamili, na hapo ndipo Flavia alipoteleza.

Sokoni Kilema, anayekupimia maharage huongeza konzi moja juu ya kipimo. Asiyeongeza huonekana mchoyo. Flavia amelelewa hivyo. Lugha ya C inamruhusu mwandishi kuchagua namba ikadiriwe kwenda juu, kwenda chini au kwenda iliyo karibu. Yeye akachagua juu, kila mtu apate dakika 22.

"Niliona ni adabu," anasema.

Nyumba 35 za kwanza zilikula dakika 770. Mektrida akabakiwa na kumi, wakati maji huchukua ishirini kuvuka korongo hadi kwake. Yaliyomfikia yalikuwa tope.

Aliyegundua ni mwenyekiti wa kamati, Filemon Mtui, mzee ambaye kila mtu hapa humwita Meku. Hakugusa kompyuta. Alichora mistari 36 kwenye udongo kwa kijiti.

"Nikamwambia, mwanangu, maharage gunia lipo nyuma yako. Maji gunia lake liko wapi?" anakumbuka Meku. "Sisi zamani tulikuwa tunampunja kila mtu kidogo, mabaki yote yanakwenda kwa wa mwisho. Udongo wa njiani nao unakunywa."

Hata kukadiria kwenda iliyo karibu kungeleta 22 ileile. Kwa hiyo asubuhi hii Flavia anafuta neno la 'juu' na kuandika la 'chini'. Kila nyumba dakika 21. Zinabaki 24, zote za Mektrida, juu ya zamu yake.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mwezi uliopita kijiji kizima kilikuwa msibani, hakuna aliyetuma ujumbe. Kisanduku kikagawa 780 kwa sifuri.

"Ungetegemea kigome," anasema Flavia. "Namba za desimali hazigomi. Jibu likawa zamu isiyo na mwisho, na lango likabaki wazi. C iliinua bendera ndogo ndani kwa ndani kusema kuna kosa. Mimi sikuwa nimeiambia iangalie."

Maji yalikimbia hadi asubuhi, yakabomoa ukingo wa mfongo, urefu wa hatua kumi na mbili. Jumamosi kamati itaamua kama kisanduku kibaki au king'olewe.

"Wakiking'oa sitawalaumu," anasema. "Ila ningependa king'olewe kikiwa kizima."

Saa kumi na mbili kamili mota inanguruma na lango linapanda. Mektrida anateremka nyumbani kusubiri zamu yake.

Saa kumi na mbili na robo jioni simu inalia kwapani mwake. Nusu saa baadaye anapiga yeye. Flavia, bado yuko bwawani, anaweka simu kwenye spika ili Meku, aliye kando yake, asikie.

"Yamefika! Mche wa kwanza hadi wa tisini, na bado yanakuja. Wewe mtoto, kumbe una akili!"

"Asante, Bibi. Na Jumamosi utasema hivyo?"

"Jumamosi nitasema kwanza ule ukingo nani anaujenga."

Meku anacheka hadi anashika kiuno. Flavia naye anacheka, kisha anafungua kitabu chake kwenye ukurasa wa bendera. Anataka kila hesabu ikiisha kisanduku kikague bendera, na ikiwa imeinuliwa, lango lisifunguke na simu ya fundi ilie. Ameandika mistari minne, betri ya kompyuta inakata.

Kesho alfajiri atamalizia, kisha atakijaribu kisanduku kwa orodha tupu, kana kwamba kijiji kizima kiko msibani tena.

"Nitakidanganya kwamba hakuna mtu," anamwambia Mektrida, ambaye bado yuko kwenye simu.

"Kidanganye," anajibu bibi. "Ila mimi nitakuwepo na jembe."