Alama ya Ukucha kwenye Gundi

Harufu ile ilinikuta chuo kikuu, ndani ya maabara, siku mwalimu alipofungua chupa ya kimiminika cha manjano. Ilinuka kama dagaa walioloa wakasahauliwa kikapuni. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilirudi kando ya mto Mbwemkuru, nikiwa na miaka kama tisa, nakoroga gundi kwa kijiti.

Najua unajiuliza mashua ilitoka wapi, maana sisi ni watu wa mihogo na ufuta, bahari ni ya kusikia tu. Baba alikuwa kibarua kwenye karakana ya Wazungu kule Nachingwea, enzi za mashamba ya karanga. Mashamba yalipokufa, Mzungu mmoja aliyezoea kuvua samaki bwawani alimwachia mashua yake ndogo ya mbao, pamoja na bisibisi, keke na makopo mawili ya gundi. Lori liliifikisha Mandawa. Kutoka hapo wanaume sita waliibeba mabegani hadi kijijini kwa mama.

Nasema kwa mama, kwa sababu kwetu mwanamume akioa huhamia kwa wakwe, na hubaki mgeni hata akizaa watoto kumi. Mashua ndiyo iliyompa baba heshima. Masika mto ulipojaa, yeye ndiye aliyevusha watu. Mjomba, kaka mkubwa wa mama na mwenye kauli katika kaya ile, hakuacha kumkumbusha.

"Shemeji, bila hilo sanduku lako ungetufaa kwa lipi? Kulima kwenyewe unalima kama unakuna upele."

Watu walicheka. Baba naye alicheka, akitazama chini.

Mwaka ule, mvua zikikaribia, skrubu za ubao wa chini zilianza kuzunguka bure. Matundu yalikuwa yameliwa, chuma hakikushika mbao. Baba aliwahi kuona dawa yake karakanani: unapanua tundu kwa keke, unalikausha, unachanganya gundi ya kopo hili na la pili nusu kwa nusu, unashindilia pamoja na vibanzi vya mpingo. Ikishakuwa jiwe, unatoboa upya na kukaza skrubu. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, kwa hiyo kushindilia ilikuwa kazi yangu. Kopo la pili, lile lenye kunuka, baba aliliita dawa.

Tulikuwa tumeshachanganya gundi tele, tumejaza matundu mawili tu, kilio kiliposikika. Mzee jirani alikuwa amekata roho. Kwetu kilio kikisikika, mtu huweka chini alichoshika, na mkwe ndiye anayetazamwa zaidi kama ameweka. Baba aliweka. Aliniambia nilinde gundi isiingie mchanga.

Nililinda. Kopo la kuchanganyia likaanza kupata moto bila kuwekwa motoni. Nilipoligusa liliniunguza, na kijiti changu kikakwama humo kama mti uliopandwa. Baba aliporudi kutoka msibani, gundi yote ilikuwa jiwe. Nilimuuliza moto umetoka wapi. Mjomba, aliyekuwa amefuatana naye, akajibu yeye, "Huyu mtoto maswali yatamwozesha meno. Mtoto wa kike unataka kujua moto wa nini, wa kupikia haukutoshi?"

Jioni ile Mama Mdogo Somoe, mdogo wake mama aliyeolewa ng'ambo kwa watu ambao mke ndiye huhamia, alivuka kwa miguu kuja kuzika, maji yakimfika magotini. Alimwacha kwa mama mkwe wake mtoto wa miezi minne, aliyekuwa na homa. Yeye ndiye pekee aliyejibu maswali yangu, hata kwa uongo, ilimradi nisinyamazishwe. Kesho yake tulizika. Usiku mvua ikanyesha juu ya mto, na asubuhi maji yalikuwa mekundu, yamebeba magogo.

Baba alichanganya gundi upya. Dawa ilikuwa imebaki kidogo chini ya kopo, hata robo ya kilichotakiwa haikufika.

"Dawa ni dawa," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Kwinini ukizidisha inakuua. Kidogo kitatosha."

Alijaza matundu, akangoja kutwa, akakaza skrubu, akafunika vichwa vyake kwa gundi iliyobaki. Siku ya kisomo cha kufunga matanga, maziwa yalikuwa yamelowesha kanga ya Somoe mpaka kiunoni. Hakuweza hata kukunja mikono kifuani.

"Shemeji," alisema polepole, "mwanangu anakunywa nini huko?"

Mjomba akaongeza, watu wote wakisikia, "Kama chombo ni pambo, tuambiwe tukakifugie kuku."

Niliteremka mtoni kabla yao. Nilibonyeza ukucha kwenye gundi juu ya skrubu ya mwisho. Uliingia kama kwenye ugali wa jana, ukaacha alama ya mwezi mchanga. Nilijua haijashika. Lakini nilikuwa nimechekwa vya kutosha juma lile, nikanyamaza.

Mashua ilifika katikati ya mto, ubao wa chini ukaachia. Wanaume wawili waliokuwa wakivuka nao waliogelea. Baba alitoka akiwa ameshika kanga ya Somoe tu. Somoe tulimpata siku ya pili, chini sana, na mwanawe hakumaliza mwezi baada yake.

Msibani walisema mto umechukua wake. Mjomba alisema ni kadari. Mimi nilikua nikiamini kwamba duniani kote nilikuwa peke yangu niliyejua, na nadhani ndiyo maana nimekuwa mtu wa kuuliza kila jambo mpaka watu wanichoke. Siku ile maabarani nilielewa upande mmoja: ile haikuwa dawa. Ilikuwa nusu ya gundi.

Upande wa pili niliuelewa likizo iliyofuata. Ule ubao wa mashua ulikuwa umeokotwa, na baba aliufanya rafu ya kuwekea taa. Niliugeuza. Alama yangu ilikuwepo, ndogo. Kando yake palikuwa na nyingine, pana, iliyokatika katikati. Baba aliwahi kupigwa na nyundo kule karakanani. Ukucha wa dole gumba lake umepasuka katikati hadi leo.

Aliingia akanikuta nimeweka kidole juu ya alama yake. Tulitazamana.

"Umekula?" aliniuliza.

Mimi ninayeuliza kila kitu, nilijibu kwamba nimekula, nikarudisha ubao mahali pake.