Mafuta Kwenye Miimo ya Mlango

Nyumba niliyotaka kununua hapa Louisville ilijengwa kabla bibi yangu hajazaliwa: matofali mekundu, kibaraza mbele, milango ya mbao nzito isiyowahi kupakwa rangi. Mambo ya nyumba kuukuu nilijifundisha mwenyewe, kwa video na vitabu vya maktaba: mabomba ya risasi, misingi inayotitia, nyaya zilizochoka. Hata Kiswahili hiki cha kuandika nilijifundisha hivyohivyo, kwa hofu ya kukosea. Nilikagua kila kitu. Nilimsahau mama.

Siku moja kabla ya kutia saini, mimi, mama na dalali tulikwenda kuitazama mara ya mwisho. Mwenye nyumba, mjane mzee, alikuwa ametoka. Mimi na dalali tukashuka chumba cha chini ya nyumba kutafuta unyevu. Nilikuwa nimepiga magoti nikipapasa ukuta, mara nikasikia sauti ya mama juu yetu.

"Toka! Roho za wenye walikaa humu, toka kwa jina la Yesu!"

"Kuna tatizo?" dalali akauliza.

"Anasali tu," nikasema, nikapanda ngazi mbio.

Kanisani kwetu hakuna anayelala katika nyumba mpya kabla haijaombewa. Lakini huombewa ikishakuwa yako. Mama alikuwa ametangulia: chupa ya mafuta ya zeituni mkononi, kila mwimo umepakwa msalaba, mafuta yakichuruzika kwenye mbao. Na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Yule mjane alikuwa amesimama pale na funguo zake.

"Mama, nyumba bado si yetu!"

"Bon, haya, kesho si yetu? Unaogopa nini, wewe mtoto?"

Mjane aligusa mafuta, akanusa kidole. "Neno analolirudia lina maana gani?"

Ningeweza kusema ni "amani". Dalali, aliyekuwa amenifuata juu, alinikazia macho nitafute neno la upole. Lakini mama anaelewa Kiingereza zaidi kuliko anavyokizungumza.

"Anasema, toka."

"Nani atoke?"

"Waliowahi kuishi humu. Roho zao."

Mjane akaonyesha mlango wa mwisho, uliofungwa. "Mume wangu alifia katika chumba kile. Na yeye?"

Nilimtafsiria mama. Akafunika chupa polepole.

"Pole, mama. Kule sikuingia. Mlango umefungwa, ningepigia nani hodi? Mwambie, huyo naomba apumzike. Simfukuzi."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mjane alimgeukia dalali: "Kesho asubuhi nataka kukaa mle peke yangu. Halafu nitaona."

Kesho yake tulimsubiri ofisini kwa dalali, karatasi za kutia saini zikiwa mezani. Mimi nilikuwa nimeshaipoteza ile nyumba moyoni, na kila gari lililopita bila kusimama lilinithibitishia. Mama alikaa, mikono mapajani.

Mjane alifika karibu adhuhuri, macho mekundu. Akavuta kiti, akakaa kando ya mama, akaomba kalamu.