Afisa wa Jamii Shambani kwa Mama Yake

Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kuwabembeleza watu wasiwachukie tembo. Kwenye kitambulisho aliandikwa afisa elimu kwa jamii, lakini vijiji vyote vinavyopakana na hifadhi vilimwita Mali Yetu, maana hakuanza mkutano bila kunguruma: "Wanyamapori ni mali yetu sote!" Alikuwa na mabango ya twiga, kipaza sauti chenye kwikwi, na domo. Angeweza kumshawishi mbuzi aheshimu mchicha.

Tumpe haki yake, somo lake lilifanya kazi. Unazungusha kamba shambani, unaning'iniza vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili ya kusaga na oili chafu. Tembo akinusa, mkonga unamuwasha, anageuza. Vijiji kumi na kimoja vilikuwa na uzio huo. Cha kumi na mbili kilikuwa kijiji alichozaliwa, nacho alikiahirisha kila mwaka. Kule ni nyumbani, alisema, watanielewa.

Tembo hawakungoja kueleweka. Jumanne waliingia shambani kwa mama yake, wakala nusu ya mahindi, wakakanyaga maboga moja moja kama wakaguzi. Nusu iliyobaki ndiyo chakula chake cha mwaka mzima, na tembo akishaonja hurudi.

Alhamisi Mali Yetu akaitisha mkutano darasani, watu wazima wamebanwa magoti kwenye madawati ya watoto.

"Afisa, nina swali," mama yake akasema kutoka nyuma.

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Siku zote humwita baba, au mwanangu, na akikasirika humwita mlevi kama babu yako. Afisa, kamwe.

"Karibu, mama."

"Hawa tembo ni mali yetu?"

"Yetu sote, mama."

"Basi fungu langu nakuachia. Kawafuge kwako."

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekalia msumari.

"La pili. Miaka sita gari lenu linapita mlangoni kwangu, unanipungia mkono, unakwenda kuelimisha jamii. Mimi si jamii?"

Fundi baiskeli akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mganga hajigangi."

 Mali Yetu aliona aibu, aibu ya kweli. Akazima kipaza sauti, akaenda kushusha kamba na ndoo ya pilipili kwenye gari.

Saa nane mchana alikuwa shambani, anapiga chafya, machozi yanamtiririka, sare imelowa oili. Akafunga fundo la kwanza. Mama yake akalivuta kwa kidole kimoja, likafunguka.

"Huko kwingine nani alikuwa anafunga?"

"Wanakijiji, mama. Mimi nilikuwa naeleza."

Mama akashika kamba upande wa pili.

"Basi leo nyamaza, ufunge. Jua likizama wanarudi, na mimi sina mahindi mengine."